Nyuma ya ekari 30 za James Ruse palikuwa na ghala

Mhariri,

Mchangiaji mmoja wa ukurasa huu, akizungumzia vijana kugawiwa mashamba ya umma, alimtolea mfano James Ruse: mfungwa wa Kiingereza aliyepelekwa Australia, akapewa ekari 30, na katika miezi 15 akawa anajilisha. Mchangiaji akauliza, ikiwa mwizi aliyetoka kwenye minyororo aliweza, kijana wa Kenya mwenye nguvu zake anashindwa na nini? Swali hilo lina mvuto na tarehe zake hazina kasoro. Ila limeacha nje karibu vyote vilivyolistawisha shamba lile, na vyote vilivyolifanya limponyoke baadaye. Naomba nafasi niyaeleze kwa kirefu, maana katika jambo la ardhi mfano ukitumiwa nusu, wanaoumia ni wale watakaopelekwa shambani.

Ruse hakuwa mtu wa mjini aliyeshikishwa jembe. Alizaliwa Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, akakulia kwenye kazi ya kilimo karibu na mji wa Launceston. Mwaka 1782 mahakama ya Bodmin ilimhukumu kunyongwa kwa kosa la kuvunja nyumba, kisha adhabu ikapunguzwa ikawa miaka 7 ya kuhamishiwa ng'ambo. Na ng'ambo iliyotajwa katika hukumu ilikuwa Afrika. Uingereza ilikuwa inapoteza makoloni yake ya Marekani ilikozoea kuwamwaga wafungwa, ikawa inatafuta pwani nyingine. Pwani ya Afrika Magharibi ilijaribiwa. Kisiwa cha Lemain katika Mto Gambia kikafikiriwa. Meli iitwayo Nautilus ikatumwa kuchunguza ghuba ya Das Voltas, kusini-magharibi mwa bara letu, ikarudi na habari kwamba pale ni ukame mtupu. Ndipo macho yakageukia Botany Bay, kwenye pwani ya mashariki ya Australia. Homa na ukame ndivyo vilivyoinusuru Afrika na koloni lile la wafungwa.

Ruse alikaa karibu miaka 5 katika Dunkirk, meli kuukuu iliyotiwa nanga Plymouth na kufanywa gereza. Mei 1787 akaondoka na msafara wa kwanza wa meli 11, akiwa ndani ya Scarborough, na Januari 1788 wakafika. Kati ya wafungwa zaidi ya 700 walioshuka pale Sydney, waliojua kilimo walikuwa wachache kiasi kwamba Gavana Arthur Phillip alilalamika kwa wakuu wake London. Julai 1789 miaka 7 ya Ruse ikatimia. Akadai uhuru wake. Tatizo ni kwamba karatasi za kuonyesha kila mfungwa alihukumiwa lini na kwa muda gani hazikuja na msafara, kwa hiyo gavana hakuwa na namna ya kuthibitisha dai lake. Alichofanya ni kumweka kwenye kipande cha ardhi Parramatta, mahali palipoitwa Rose Hill, Novemba 1789, ili aone kama mtu mmoja na familia yake wanaweza kujilisha, na kwa muda gani. Lilikuwa jaribio, na mpaka leo mahali pale panaitwa Shamba la Majaribio.

Sasa tazameni alichopewa. Alipewa ekari moja na nusu iliyokwisha kufyekwa, kibanda, zana, mbegu, nguruwe majike 2 na kuku 6. Kwa muda alikuwa na mfungwa mmoja wa kumsaidia, kabla hajaondolewa. Kubwa kuliko hayo yote, alikuwa na posho: yeye, na baadaye mkewe Elizabeth Perry, walichukua chakula chao katika ghala la serikali kila wiki kama watu wengine. Perry alifika Juni 1790 kwa meli ya wanawake, Lady Juliana, wakaoana Septemba mwaka huohuo. Mchangiaji wenu hakuligusa ghala hata kwa neno moja.

Ghala lenyewe lilikuwa na shida. Sehemu kubwa ya mbegu za ngano zilizoletwa na msafara zilikuwa zimeharibiwa na joto la safari na fukusi, zikakataa kuota. Meli ya Guardian iliyokuwa inaleta chakula iligonga barafu baharini Desemba 1789. Machi 1790 meli ya Sirius ikavunjika kwenye miamba ya kisiwa cha Norfolk. Aprili posho ya mtu mzima kwa wiki ikashuka hadi ratili 2 na nusu za unga, ratili 2 za mchele na ratili 2 za nyama ya nguruwe. Unga huo ni kama kilo moja na gramu 100 kwa siku saba. Mwezi uliofuata, Mei, Ruse akaanza kupanda. Mtu mwenye njaa alikuwa na ngano mkononi na akaimwaga ardhini. Yeyote aliyewahi kugawa mbegu za msaada vijijini anajua kwamba mbegu isiyo na chakula pembeni yake huishia sufuriani. Posho ile, hata ilivyokuwa haba, ndiyo iliyoilinda mbegu ya Ruse.

Namna alivyolima tunaijua kwa sababu afisa wa jeshi la majini, Watkin Tench, alimtembelea mwishoni mwa 1790 akayaandika maelezo yake. Yanamfaa mkulima yeyote wa jembe la mkono.

Miti iliyoangushwa ilichomwa palepale na jivu likafukiwa. Kisha akalima kwa kipimo: rodi 8 kwa siku, zikizidi sana 9. Rodi moja ya mraba ni kama mita 25 za mraba, kwa hiyo kazi yake ya siku ilikuwa kati ya mita 200 na 230 za mraba, karibu nusu ya ploti ya futi 50 kwa 100 tunayoijua sote Nairobi. Ekari moja ina rodi 160. Kwa mwendo huo inachukua siku 18 hadi 20, na ekari moja na nusu ya ngano ni mwezi mzima wa kuinama. Hiyo ni mara ya kwanza tu, kwa kuwa ardhi ileile aliigeuza tena kabla ya kupanda.

Alienda polepole kwa makusudi. Alisema wazi kwamba shamba la serikali lililokuwa jirani lilikwaruzwa juujuu tu, na la kwake lililimwa. Baada ya kulima alivunja madongo, akafukia nyasi na magugu, akaiacha ardhi wazi kwa jua na hewa kwa muda wote alioumudu. Kila hatua hapo ina kazi yake. Jua hukausha mizizi ya magugu, nyasi zilizofukiwa hupata nafasi ya kuoza kabla mmea haujahitaji chakula, na mvua ya kwanza hukuta udongo umelegea ikazama badala ya kutiririka. Ukipanda siku mbili baada ya kulima, kama wengi wanavyofanya mvua inapowakuta hawajajitayarisha, mbegu na magugu huota pamoja na nyasi mbichi zilizo chini huanza kuoza wakati huohuo mche unapotafuta chakula.

Visiki alivikwepa, kama kila mtu pale. Miti ya eneo lile ni mikaratusi, na mashoka ya Kiingereza yalikunjika makali kwenye mbao zake. Huo ndio mkaratusi ulioletwa Kenya mwanzoni mwa karne ya 20 ili uwe kuni za reli, na anayejaribu leo kung'oa kisiki chake kule Limuru hahitaji maelezo zaidi.

Kuhusu jivu pana jambo ambalo wanaosifu kilimo cha kuchoma hulisahau. Jivu lina potasiamu na chokaa, nalo hupunguza uchachu wa udongo. Naitrojeni haimo; imepaa na moshi. Ndiyo maana ardhi iliyochomwa hutoa vizuri msimu wa kwanza, pengine na wa pili, halafu ikadorora. Ruse hakuwa na kemia lakini aliijua tabia ya udongo wake. Aliuita wa wastani, si mzuri wala mbaya, akasema kwa mbolea utafaa na bila ng'ombe utamshinda. Na ng'ombe hawakuwapo. Wale wachache walionunuliwa Cape Town njiani walipotelea msituni katikati ya 1788 kwa uzembe wa aliyewachunga. Walikuja kuonekana 1795, ng'ambo ya Mto Nepean, wameshakuwa kundi kubwa. Kwa miaka 7 samadi iliyohitajika Parramatta ilidondoka porini.

Alipanga kuyazika majani makavu ya ngano mashimoni pamoja na chochote kinachooza, na baada ya mavuno apande tanipu, zao la mizizi, ili mizizi yake iilegeze ardhi kwa mwaka unaofuata. Mpango mzuri, lakini kwenye mashimo pana mtego. Majani makavu peke yake huoza taratibu mno, na yakirudishwa shambani kabla ya kuiva hunyonya naitrojeni iliyomo udongoni, mmea ukabaki manjano. Huhitaji samadi au majani mabichi ya kuyachachusha. Nguruwe 2 na kuku 6 hawatoi samadi ya kutosha ekari moja, sembuse 30.

Mbegu alizipanda kwa kumwaga kwa mkono, busheli 3 kwenye ekari moja na nusu, mbegu zilizovunwa hukohuko. Busheli ya ngano ni kama kilo 27, kwa hiyo ni kilo 80 na ushei, au kilo 54 kwa ekari. Si haba. Lakini mbegu za kumwaga haziingii kina kimoja: nyingine hubaki juu ndege wakazila, nyingine huzama zisione jua, na palizi huwa taabu kwa kuwa hakuna mstari. Sehemu aliipanda Mei na sehemu Juni. Ya Mei ilistawi zaidi. Kule majira yako kinyume na Ulaya, Juni ni mwanzo wa baridi, na mwaka ule mvua ilikuwa chache. Iliyotangulia ilikuwa imeshazamisha mizizi ukavu ulipoingia. Kuchelewa wiki chache kulimpunguzia mavuno mkulima aliyezaliwa shambani, akiwa na kila sababu ya kuwahi.

Alitarajia busheli 12 au 13. Hebu tupige hesabu ambayo mchangiaji wenu hakuipiga. Hizo ni kilo 325 hadi 350, chini ya magunia manne ya kilo 90 kutoka ekari moja na nusu. Ni mara nne tu ya alichopanda. Toa kilo 80 za mbegu ya mwaka ujao. Zinabaki kilo 245 hadi 270. Posho kamili ya mwanamume, kabla haijapunguzwa, ilikuwa ratili 7 za unga kwa wiki, yaani karibu kilo 165 kwa mwaka, na mwanamke alipewa theluthi mbili ya hizo, kilo 110. Jumla ni kilo 275 za unga kwa watu wawili. Mavuno yote ya ngano, bila punje moja kuliwa na panya au kuibwa, yalikuwa hayafikii mkate wa mume na mke. Nyama, nguo, chumvi na sabuni havijaguswa.

Na wizi ulikuwepo. Aliutaja kuwa kikwazo chake kikubwa kuliko vyote: karibu kila usiku, pamoja na kukesha kwake, wafungwa wenzake waliingia shambani wakachukua. Nisingependa mtu achukulie hilo kuwa tabia ya wafungwa tu. Shamba lenye chakula katikati ya watu wasio na chakula litaibiwa, liwe Parramatta au kando ya Mto Nairobi. Dawa pekee iliyowahi kufanya kazi ni jirani naye kushiba. Mwenye kupanga kuweka wakulima wachache wa mfano katikati ya mtaa wenye njaa aliweke hilo kwenye bajeti.

Februari 1791 Ruse akamwambia gavana kwamba sasa anaweza kujitegemea isipokuwa kwa mavazi. Hiyo ndiyo miezi 15 inayosifiwa. Lakini Tench alirudi Desemba 1791, na picha aliyoiacha ni tofauti na ya mchangiaji wenu. Ruse mwenyewe alikuwa ameondolewa kwenye posho miezi kadhaa tu nyuma. Mkewe alikuwa bado anakula kutoka ghalani na angeondolewa Krismasi. Gavana alikuwa amewajengea nyumba ya matofali. Ekari 11 na nusu zilikuwa zimelimwa, na nyingine zilifyekwa na wafungwa katika saa zao za mapumziko kwa makubaliano kwamba mavuno ya mwaka wa kwanza ni yao. Nguruwe walikuwa 4 wa kuzaa, kuku 30. Kwa hiyo ukipima familia nzima, jaribio lilichukua zaidi ya miaka miwili.

Kuna jambo jingine katika ziara ile ambalo mimi naliona ni la maana kuliko miezi yote. Mwaka mmoja kabla, Ruse alikiri kwamba hajui lolote kuhusu kilimo cha mahindi. Sasa alikuwa ameamua kulima mahindi karibu matupu, kwa kuwa ngano ilitoa kidogo mno. Aliposhauriwa zabibu na tumbaku alikataa, akasema hataiacha njia anayoijua kwa ajili ya asichokijua. Alibadilisha zao baada ya kuliona likifanya kazi kwenye udongo wake. Hakubadilisha kwa kuambiwa. Wanaopeleka parachichi, makadamia na kila zao la msimu kwa wakulima wa ekari mbili wangefaa kukaa na maneno hayo kidogo.

Aprili 1791 akapata hati ya ekari 30, hati ya kwanza ya ardhi kutolewa katika koloni lile. Masharti yalikuwa yameandikwa London tangu 1787: ekari 30 kwa mfungwa aliyeachiliwa, 20 zaidi akiwa na mke, 10 kwa kila mtoto, bila kodi wala ada kwa miaka 10, mradi aishi pale na kulima.

Hapo sina budi kusimama, maana ardhi ile ilikuwa ya watu. Parramatta ni jina la wenyeji wenyewe, Waburramattagal, ukoo wa watu wa Darug, nalo lahusishwa na mikunga, wale samaki wa mtoni wenye umbo la nyoka. Aprili 1789 ndui ilipita kati ya watu wa pwani ile ikaua wengi sana. Gavana alikadiria karibu nusu ya walioishi karibu na Sydney. Miezi 7 baadaye Ruse akashika jembe kwenye ardhi yao. Hati aliyopewa haikumtaja mwenyeji hata mmoja, kwa sababu sheria ya Kiingereza ililichukulia bara lote kuwa halina mwenyewe. Mahakama Kuu ya Australia haikuikana dhana hiyo hadi 1992, katika kesi ya Mabo. Msomaji wa Kenya anazijua hati za namna hiyo. Sheria ya Ardhi ya Kifalme ya 1915 ilimpa setla mkataba wa miaka 999, na hukumu ya 1921 ikamwambia Mwafrika kwamba kwenye ardhi ya baba zake yeye ni mpangaji wa Mfalme, wa kuondolewa wakati wowote. Kumsifu Ruse kwa bidii yake ni haki. Kumsifu bila kutaja ilikotoka ardhi yake, kwenye gazeti la Nairobi, ni kosa ambalo mhariri hakupaswa kulipitisha.

Hadithi ya mchangiaji wenu ilikomea kwenye hati. Maisha ya Ruse yaliendelea miaka 46 zaidi.

Oktoba 1793, miaka miwili na nusu baada ya kupata hati, aliuza ekari zote 30 kwa pauni 40. Mnunuzi alikuwa John Harris, daktari wa jeshi. Mwenye mshahara alimnunua mwenye jembe, na hilo liliwapata wengi wa waliopewa ardhi baada yake. Nyumba nzuri yenye baraza ambayo wageni huonyeshwa leo Harris Park kuwa kumbukumbu ya shamba lile, ilijengwa na Harris miaka mingi baadaye. Ruse hakulala humo hata usiku mmoja.

Mwaka 1794 akahamia Mto Hawkesbury, ambao wenyeji wanauita Dyarubbin. Udongo wake ni mweusi, wa kuletwa na maji, hauhitaji samadi, na kwa mtu aliyeshindwa na udongo wa wastani bila ng'ombe ulikuwa jibu kamili. Lakini udongo ulioletwa na mto uko pale kwa sababu mto hufika pale. Mafuriko yalikuja 1799, yakaja makubwa zaidi 1806, na mara mbili 1809. Maji yalichukua mazao yaliyosimama pamoja na yaliyokwisha kuvunwa na kupangwa kwa marundo kando ya mto, na mbegu za mwaka unaofuata zikaenda nayo. Mkulima aliyepoteza mbegu alilazimika kukopa kwa wafanyabiashara, kwa bei yao, na kulipa kwa mavuno ambayo hayajaota. Wakazi wa Budalangi na wa kando ya Mto Tana hawana haja ya kufafanuliwa mzunguko huo.

Kingo zile pia zilikuwa shamba tayari. Watu wa Darug walichimba humo viazi vikuu vya porini, chakula chao kikuu mtoni. Masetla waling'oa viazi wakapanda mahindi. Wenyeji waliporudi kwa msimu wao wakakuta mahindi, wakavuna mahindi. Hilo likaitwa wizi, na 1795 wanajeshi wakatumwa kuwapiga risasi. Vita vya mto ule viliendelea kwa miaka.

Madeni yakamwelemea Ruse. Kwa muda alifanya kazi baharini, na shamba likabaki mikononi mwa Elizabeth. Baadaye alipewa ekari 100 upande wa Bankstown, nazo hazikumkwamua. Mwaka 1828, akiwa na umri unaokaribia miaka 70, alikuwa mnyapara kwenye shamba la mtu mwingine huko Minto. Alifariki Septemba 1837 akazikwa Campbelltown. Juu ya jiwe la kaburi lake, ambalo husemwa alilichonga kwa sehemu yeye mwenyewe, imeandikwa kwamba ndiye aliyepanda nafaka ya kwanza katika koloni. Hata hilo linahitaji kusahihishwa kidogo: nafaka ilikuwa imepandwa Sydney tangu 1788 kwenye shamba la serikali. Yeye alikuwa wa kwanza kupewa hati, na wa kwanza kuonyesha kwamba mtu mmoja angeweza.

Sisi nasi tuna majaribio yetu, na yangemfaa mchangiaji kuliko Australia. Katika mpango wa Ekari Milioni, ulioanza 1962, familia kama 35,000 ziliwekwa kwenye yaliyokuwa mashamba ya masetla. Ruse alipewa ardhi bure na miaka 10 bila kodi. Wao waliingia na deni la ardhi na deni la maendeleo tangu siku ya kwanza, na wengi wakashindwa kulipa. Huko Mwea, Perkerra na Hola, mifereji ilichimbwa na mahabusu wa wakati wa Hali ya Hatari, wafungwa wetu wa kisiasa. Mwea ikaja kuwa ghala la mchele wa taifa, na kwa miongo mingi waliolima ekari zao 4 walikuwa wapangaji wa leseni bila hati yoyote, wasioruhusiwa kuuza mchele wao walikotaka, hadi walipogoma mwishoni mwa miaka ya 1990. Mfungwa wa Kiingereza alipata hati katika miezi 17 tangu aguse jembe.

Kwa hiyo wanaotaka vijana wapewe mashamba, nami ni mmojawao, waandike kwenye pendekezo lao mambo haya. Posho ya kaya nzima kwa misimu minne, isipungue, na iishe kwa mtu mmoja mmoja kama ya akina Ruse, mume kwanza kisha mke. Ardhi iliyofyekwa tayari, angalau ekari moja na nusu. Mifugo ya samadi kabla ya mbegu, kwa kuwa mbolea ya dukani hununuliwa kwa fedha ambazo mkulima wa mwaka wa kwanza hana. Hati yenye tarehe inayojulikana. Zuio la kuuza kwa miaka 10 pamoja na mkopo wa mbegu wakati wa mafuriko au ukame, vyote viwili, kwa sababu zuio bila mkopo humfunga mtu kwenye ardhi iliyokwisha kumshinda. Ramani ya mahali maji yalipofika katika kila mafuriko yanayokumbukwa, ibandikwe ofisi ya chifu kabla ya ploti ya kwanza kupimwa. Na jina la waliokuwa kwenye ardhi hiyo kabla, pamoja na walikopelekwa.

Mkereketwa wa historia ya kilimo,
Nairobi